Gauni Lililoshonewa Kalunde

Mwaka mzima Nthiwa alikuwa ameisikia sauti ya Katunge kwenye jumbe za sauti za simu, sauti nzito yenye kicheko chini yake, akadhani amejiandaa. Hakuwa amejiandaa hata kidogo. Mwanamke aliyemfungulia mlango wa mabati pale mjini Sultan Hamud, nyuma ya vibanda vya matunda, alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, leso kiunoni na mikono imejaa unga wa chapati. Alimtazama Nthiwa kuanzia viatu hadi kichwa. Kisha akatazama nyuma yake, kama mtu anayengoja mzigo ushushwe.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Na dada yangu umemwacha wapi? Amesimama kununua soda? Nilimwambia asinunue kitu, mkaidi huyo!" Akacheka, akachungulia nje. "Kalunde! Wee Kalunde! Toka huko ulikojificha!"

Nje hapakuwa na mtu ila mbuzi wawili na lori la saruji. Maneno ambayo Nthiwa alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu Migwani yalikuwa mdomoni, yamepangwa kama magunia, lakini Katunge akageuka na kumtazama tena, safari hii usoni, na magunia yote yakaanguka.

"Ngoja," Katunge alisema polepole. "Hayo macho nayajua. Nimeyatazama kwenye picha mpaka nikayaota. Wewe ni kakake."

Hapo mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini tangu afiwe, hakuna mwanamke aliyekuwa amemtazama Nthiwa kama mtu. Alinyamaza tu, na ukimya wake ukakaribishwa ndani ukapewa kiti.

Nyumba ilinukia iliki na mafuta ya moto. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani, vya kuazima, vingine vya kanisa. Katunge alimimina chai, akasukuma sahani ya chapati, akaketi mbele yake karibu kuliko ilivyohitajika.

"Kalunde hakuniambia ana kaka kama huyu. Anaficha mali." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Nikuite kaka, ama nikuite nani?"

"Naitwa Nthiwa."

"Nthiwa. Na kazi yako, Nthiwa?"

"Nina mashine ya kusaga. Pale soko la Migwani."

"Kumbe mashine ni yako! Ameniambia juu yake. Anasema wanawake wakipanga foleni na mahindi yao wanaongea kila kitu, waume zao, mama wakwe zao, mpaka mambo ya kitandani, hawajali nani anasikia. Yeye husimama hapo akaokota hadithi."

"Hawamjali anayesaga," Nthiwa alisema. "Wanamwona kama sehemu ya mashine."

"Maskini." Katunge akanyoosha mkono akampangusa juu ya jicho. "Unga umekufuata mpaka huku." Kidole chake nacho kilikuwa na unga, hata hakufuta kitu, alipaka tu. Kikabaki pale. Nthiwa alihisi joto lake likishuka mpaka magotini, akajua kwamba asipousema ukweli sasa hatausema tena, na akajua pia kwamba akiusema, kidole kile kitaondoka.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kalunde alikuwa mke wa Nthiwa, na huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu alazwe kwenye udongo wa Migwani. Alikufa akijifungua, katika hospitali ambayo wakubwa wake wote siku hiyo walikuwa wameenda semina ya kufundishwa namna ya kupunguza vifo vya akina mama. Ambulansi ilikuwepo. Dereva alikuwepo, anakula mahindi ya kuchoma. Aliyetakiwa kutia sahihi ya mafuta ndiye hakuwepo. Wakubwa wanajua sana kutia sahihi, ila si siku unayowahitaji. Kalunde akaenda, na mtoto akaenda naye, na Jumatatu wakubwa wakarudi na vyeti vya semina wakavitundika ukutani.

Nthiwa aliacha shule darasa la saba. Lakini uchungu haukutaka kulala, akaanza kuuandika kwenye simu, mashine ikiwa imezimwa, unga ukiwa bado unaelea hewani. Akatunga hadithi ya Minoo, mwanamke mjamzito, na Jonah mume wake, fundi wa redio anayempenda kama kichaa. Akapeleka sura ya kwanza kwenye ukurasa wa hadithi mtandaoni kwa jina lake mwenyewe. Wakamrarua. "Mwanaume anajua nini kuhusu mimba?" "Huyu anatafuta wanawake tu." Admini wa ukurasa, bwana mmoja mwenye digrii na tai, akaifuta, akaonya kwamba ukurasa ule si kijiwe cha wanaume.

Nthiwa akakaa na hasira hiyo. Kisha akaichukua simu ya marehemu, ambayo bado ilikuwa na picha yake akitoka kanisani, akaituma sura ileile neno kwa neno. Hakuongeza hata nukta. Ukurasa mzima ukalia. "Dada, umeniandika mimi." "Hii ni ya mtu aliyepitia, hakuna kubahatisha hapa." Admini yuleyule akaibandika juu kabisa na kumwombea Dada Kalunde baraka za Mungu, na Nthiwa akaendelea kutuma sura baada ya sura.

Ndipo Katunge wa Sultan Hamud alipomwandikia faraghani: mwana wa mwaitu, dada yangu, kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Naye Kalunde, aliyekuwa chini ya ardhi, akajibu, kwa maandishi tu.

"Katunge," Nthiwa alisema. "Kalunde haji."

Kidole kikaondoka. "Anaumwa?"

"Alikufa."

"Nani alikufa? Wewe una wazimu? Jana jioni ameniandikia. Ameniambia nisiweke chumvi nyingi kwa chapati!"

"Hiyo jana ilikuwa ni mimi. Kalunde alikuwa mke wangu. Hadithi ni yangu. Tangu mwanzo, Katunge. Kila siku ilikuwa ni mimi."

Katunge alicheka kwanza. Alicheka kicheko kile kizito ambacho Nthiwa alikuwa akikisikiliza gizani akiwa ameweka simu kwenye mto. Halafu kicheko kikakatika.

"Kama ni wewe, niambie nilimwambia nini Kalunde kuhusu Gedion."

Gedion alikuwa mume wake, aliyemwacha akaenda kukaa na mwanamke mwingine kule Emali. Nthiwa, kwa ujinga wa mwanaume anayedhani jibu sahihi linampa alama, akajibu.

"Ulisema siku aliyoondoka ulilala sakafuni, kwa sababu godoro lilikuwa limebaki na shimo la mwili wake. Ulisema uliosha shuka zote lakini—"

"Nyamaza."

"Ulisema hujui kama katika ile miaka yote uliwahi hata mara moja ku—"

"Nyamaza!" Katunge alikuwa amesimama, amejifunika kifua kwa mikono miwili kana kwamba ameingiliwa bafuni. "Nilimwambia mwanamke hayo. Nilimwambia mwanamke mwenzangu!"

"Uliniambia mimi, nami nikakujibu. Ulisema majibu yalikuinua. Ulisema bila hayo majibu ungekunywa dawa ya ng'ombe."

"Yalikuwa majibu ya mwanamke."

"Maneno ni yaleyale, Katunge."

"Hata maziwa ni yaleyale. Lakini nikijua mbwa ameyalamba, nitayamwaga."

Hayo Nthiwa hakuyafanyia mazoezi. Akayarukia yale aliyokuwa ameyawekea akiba ya mwisho. "Nimekuja kukuomba uwe mke wangu. Sikuja kucheza. Nitapeleka mbuzi kwa watu wenu, wazee wakae, kila kitu kifuatwe. Nakupenda. Hakuna mtu duniani anakujua kama mimi ninavyokujua."

"Ndiyo," Katunge alisema. "Na hilo ndilo linanitapisha. Umekuja kuniposa ukiwa umevaa ngozi ya mke wako."

Nje vigelegele vikapanda. Wanawake wa kikundi cha Katunge, wasomaji wa hadithi ile, walikuwa wamefika mapema, wote, maana nani angekubali kuchelewa siku ya kumwona Kalunde kwa macho? Walikuja wakiimba, wamevaa sare yao ya kitenge cha kijani na maua ya manjano.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Wote wawili waliutazama. Katunge angeweza kumtoa kwa huko, aseme mgeni amepatwa na homa njiani, mambo yakaisha na aibu ikabaki ya watu wawili. Nthiwa aliona akifikiria hivyo. Aliona pia alipoacha kufikiria.

Katunge akajifuta mikono kwenye leso, akaenda kufungua mbele.

"Ingieni, akina mama. Mwandishi wetu amefika. Huyu hapa ameketi."

Aliyetangulia alikuwa Mama Kyule, mwenyekiti wa kikundi na mzee wa kanisa, mwanamke mnene aliyezoea kuinua mkono watu wakanyamaza. Nyuma yake Salama, mwenye duka la leso, wa ile jamii ya Waislamu waliokuja Sultan Hamud na reli tangu wakati wa babu. Salama alikuwa amebeba gauni la sare lililoshonewa mgeni kwenye mikono miwili, limekunjwa, kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa.

"Yuko wapi?" Salama aliuliza. "Mimi naona mwanaume tu."

"Ndiye huyo. Huyo ndiye Kalunde."

Katunge akawaeleza. Hakuongeza wala hakupunguza, na kila neno lilitoka baridi. Vigelegele vikafa. Nthiwa alisimama, akakaa, akasimama tena. Wanawake walimzunguka wakimtazama kama nyama ambayo muuza nyama ameapa ni ya mbuzi.

"Yaani wewe," Mama Kyule alisema mwishowe, "ndiye nilikuwa nakuombea kila Jumatano? Nilitaja jina lako mbele ya madhabahu! Nikasema Bwana, mwimarishe mtumishi wako Kalunde! Nilikuwa namwombea maiti?"

"Samahani, mama."

"Usiniite mama. Mimi sijazaa kitu kama wewe."

"Wallahi, na mimi nilimtumia picha ya kifua changu kilipofura," mwanamke mmoja nyuma alilia, "nikamuuliza ni dawa gani!"

Hapo kicheko cha kwanza kikatoka, cha hofu, halafu wote wakacheka, na kicheko kikageuka meno. Mama Kyule akainua mkono.

"Tulikuja kusikia hadithi. Hatutarudi bila kusikia. Asome! Asome ile ya hospitali, ile tulilia mpaka Salama akafunga duka. Tuone kama tutalia."

"Mwenyekiti, tafadhali," Nthiwa alisema.

"Ulikuwa mwanamke hodari kwa simu. Kuwa mwanaume hodari hapa. Soma."

Alimtazama Katunge. Katunge alikuwa ameegemea ukuta, mikono amekunja, anatazama dari. Nthiwa akatoa simu ya Kalunde mfukoni, akafungua sura ile, akasoma.

Ilikuwa sura ambayo Minoo amelazwa wodi ya uzazi, uchungu umemshika tangu alfajiri, na daktari hayupo. Jonah anataka kukimbia na pikipiki kumtafuta, lakini Minoo anamshika mkono. Pale ndipo Nthiwa aliposoma, kwa sauti yake iliyochubuka na vumbi la mashine: "'Jonah, kabla hujaenda, nigeuzie petikoti. Tundu liwe upande wa ukuta. Wale manesi wakija wasinione nimetoboka.' Jonah akamgeuzia. Minoo akasema, 'Sasa nenda. Sasa niko sawa.'"

Sura hii ilipotoka, wanawake hawa hawa walikuwa wameandika ukurasa ukajaa. Mama Kyule mwenyewe alikuwa ameandika: *Hapo kwa petikoti ndipo nilijua huyu ni mwanamke kweli. Mwanaume hawezi kujua aibu hiyo hata akifundishwa na malaika.*

Sasa mtu akapiga chafya ya kicheko.

"Petikoti!" Mama Kyule alisema. "Ati petikoti! Nyinyi, mmesikia? Mimi nimezaa watoto saba. Kuna siku niliwahi kukumbuka petikoti? Ukiwa na uchungu hata jina lako hukumbuki! Hapo ndipo unaona ni mwanaume ameandika. Mwanamke anakufa, yeye akili yake iko kwa nguo za ndani!"

Nyumba ikapasuka. Mmoja akajishika kiuno akaigiza Minoo: "Jonah, nigeuzie petikoti!" Mwingine akajibu kwa sauti ya kiume, "Upande gani, mpenzi?" Salama alijifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya mtandio.

"Na ile ya kusema sasa niko sawa," mmoja aliongeza. "Uwongo mtupu. Mimi niliona tangu zamani, nilinyamaza tu."

"Uliona nini? Wewe ndiye ulilia zaidi!"

"Nililia kwa heshima."

Nthiwa alisimama katikati yao. Alikuwa amevumilia yote, lakini hili lilimpita.

"Hayo si ya kutunga," alisema. "Hayo alisema mke wangu. Kalunde. Nilikuwa nimemshika mkono. Ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Nilienda kutafuta daktari, nikarudi nikamkuta amefunikwa."

Kwa muda ungedhani wamesikia. Mama Kyule akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma ya mtu anayemwona mwizi akijitetea.

"Mwaka mzima ulikuwa mwanamke. Leo ni mjane. Kesho utakuwa yatima. Baba, wewe unatuona sisi ni nani? Hata kifo cha mkeo sasa hatujui kama ni kweli. Pengine anakula ugali huko Migwani akikungoja."

"Kaburi lipo. Twende muone."

"Hata kaburi unaweza kuchimba. Mtu wa kutunga hakosi kitu." Akapiga makofi kama anayefunga mkutano. "Na sare? Kitambaa kimeenda, fundi ameshona, sasa gauni tulitupe? Aliagiza, avae! Mvalisheni!"

Lilikuwa jambo la mzaha, na mzaha wa mwenyekiti ni amri. Wakamshika. Mikono ya kubeba maji na mikono ya kuchambua maharagwe ikamvuta huku na huku, gauni likapanda kichwani, kijani na maua ya manjano yakamziba macho. Lilikwama mabegani. Wakavuta. Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba jirani aliingia kuuliza kama kuna arusi. Ndani ya kile kitambaa kulikuwa na giza na harufu ya nguo mpya, na Nthiwa alisikia uzi mmoja ukilia kwapani.

"Msilipasue," alisema. Sauti ilitoka ndani ya gauni. "Nawaomba. Nitavua mwenyewe. Msilipasue."

Namna alivyosema ndiyo iliyowafanya wamwachie. Nthiwa akalitoa kichwani polepole, mkono mmoja baada ya mwingine, akalishika mbele yake kwa mabega mawili. Walikuwa wamelishona kwa vipimo alivyovituma yeye, siku Katunge alipoviomba, siku ambayo angeweza kutuma namba zozote tu. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hakuweza kubuni. Alikuwa amefungua sanduku, akapima nguo ya marehemu iliyokuwemo.

Sasa gauni lilining'inia mikononi mwake na lilikuwa kimo cha Kalunde kabisa. Mtu mmoja tu duniani lingemkaa. Bega la kushoto lilikuwa limejikunja. Nthiwa akalinyoosha kwa kidole gumba, akalishusha kidogo, mara moja, mara mbili, kama alivyozoea kumfanyia mkewe Jumapili mlangoni kabla ya kwenda kanisani. Alikuwa amesahau kwamba yuko mbele za watu.

Katunge aliuona mkono ule. Alikumbuka maneno aliyoyasoma kwenye simu, ambayo fundi aliyacheka: *bega la kushoto mwambie alishone chini kidogo, nilibeba mitungi ya maji upande huo tangu utotoni.* Uso wake ukabadilika.

"Akina mama, pakueni pilau," alisema. "Mimi namtoa mgeni."

Walisimama nje, karibu na mlango wa mabati. Ndani sahani zilianza kugongana. Katunge alikuwa amelichukua gauni mikononi mwa Nthiwa. Hata hakukumbuka alilichukua lini.

"Ni kweli," alisema. "Ya petikoti. Ni kweli."

Nthiwa akapumua kama mtu aliyetolewa kisimani. "Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi waambie, Katunge. Wewe watakusikia. Sijali wakinicheka mimi, lakini wamemcheka yeye. Waambie. Halafu mimi na wewe—"

"Hakuna mimi na wewe." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Kama ungekuwa mwongo tu, Nthiwa, pengine kesho kutwa ningekusamehe. Gedion alikuwa mwongo na nilikaa naye. Lakini wewe si mwongo. Mke wako alikuwa anakufa, anaona aibu ya tundu kwa petikoti yake, akakuomba wewe peke yako umfichie. Umfichie! Wewe ukaenda ukalionyesha tundu hilo kwa kaunti mbili."

Nthiwa akaugusa mfuko wenye simu.

"Na ukitaka kujua," Katunge aliendelea, "pale ndani ulipokuwa unarudia mambo yangu ya godoro, nilisikia. Ulikuwa unayasema vizuri. Ulikuwa umeshayapanga. Nikilala kwako, nikilia, nikiumwa, wewe utakuwa unanishika mkono na huku unasikiliza ni lipi la kubeba. Siku nikifa utanifanya sura ya ngapi?"

"Nilikuwa na upweke. Wewe hujui. Nyumba ilikuwa kimya mpaka—"

"Najua. Alinieleza. Kalunde alinieleza vizuri sana upweke wake." Macho yake yalijaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama kwa yale macho aliyomfungulia nayo mlango, Nthiwa akaona alivyokuwa karibu, akaona alichokuwa amepoteza, chote, kimesimama mbele yake na leso kiunoni. "Nilikuwa na rafiki mmoja duniani. Wewe umemlilia mkeo miaka mitatu. Mimi nimefiwa leo. Nenda."

"Nipe basi gauni."

"Hapana. Hili ni la dada yangu."

Alifunga mlango.

Nthiwa akatembea akipita vibanda vya matunda. Hakuwa amefika mbali aliposikia ndala zikipiga ardhi nyuma yake.

"Kaka! Wee kaka, ngoja!" Ilikuwa Salama, anakimbia, mtandio umeanguka begani, mkononi ana kijiko cha pilau. "Mimi sikucheka sana."

"Ulicheka."

"Nilicheka kidogo, kwa sababu ya wenzangu. Usiniweke moyoni." Akatazama nyuma kuona kama wanamwona. "Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, nikalale na amani. Minoo. Uliacha Jonah yuko barabarani na pikipiki. Daktari alifika?"

Nthiwa akamtazama. Daktari alikuwa amefika. Mwaka mzima Nthiwa alikuwa akiiandika hadithi nzima kwa ajili ya sura hiyo moja: Jonah anampata, anampakia nyuma, koti jeupe linapepea kwenye vumbi, wanaingia wodini Minoo akiwa bado anapumua. Aliiandika mara nyingi, kila mara vizuri zaidi. Ilikuwa imelala kwenye simu, tayari, imebaki kubonyezwa tu.

Akaitoa simu. Akaitafuta sura hiyo, Salama akinyoosha shingo kuona. Akaifuta.

"Hakufika," alisema.

"Hakufika? Na Minoo?"

"Alikufa. Yeye na mtoto."

Kijiko kikaanguka. "Inna lillahi!" Salama alisema, akajishika mdomo, akaketi pale pale mchangani kando ya maganda ya machungwa. "Minoo wangu! Jamani, Minoo wangu, na alikuwa amenunua mpaka shali ya mtoto!" Akaanza kulia kwa sauti, machozi mazito, ya kweli, ya msiba.

Wanawake wakatoka mbio na sahani mikononi. Kuna nini, ameumwa na nini? "Minoo amekufa!" Salama aliwapigia kelele. Wakasimama. Kisha mmoja akashika kichwa, na kilio kikapokelewa, mtu kwa mtu, mpaka Mama Kyule mwenyewe akajivua kitambaa cha kichwa akamuuliza Bwana kwa nini, kwa nini mwanamke mchanga hivyo. Katunge alisimama mlangoni na gauni mkononi. Yeye hakulia. Alikuwa akimtazama Nthiwa.

Nthiwa akageuka akaenda zake, na kilio kile kikimfuata mgongoni. Safari hii hakuna hata mmoja aliyemwita mwongo.